Mguu Nje ya Breki

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi, tumesimama katikati ya marundo ya mashuka machafu ya hospitali. Meneja hakukaa. Petroli imepanda tena, mara ya tatu tangu mwaka uanze. Kampuni yetu ya kufua nguo haiwezi. Gari sita zitakuwa tano. Dereva ambaye gari lake litakunywa kuliko mengine yote wiki ya mwisho ya mwezi atarudisha funguo. Mashine za kufulia tu ndizo zilizokuwa zinaongea.

Halafu akanitaja mimi. Namba tatu, gari langu, ndiyo inayokunywa kidogo. Basi niwe msimamizi wa mafuta: niwapime wenzangu, niwafundishe, niandike.

Kasuku, dereva wa namba tano, mdomo haupumziki, akasema hongera dada, umepewa kisu utuchinje. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Sasa niko nyumbani, sioni kilichonichekesha.

Mjomba, kaka yake Mama na dereva wa namba moja, hakucheka. Alikuwa ameegemea namba moja, anafuta miwani kwa ncha ya shati.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya tairi. Mimi na fundi tulizunguka na kipimo cha upepo. Aibu! Gari nne kati ya sita zinatembea na tairi laini kama mto wa kulalia. Hapo injini inaburuta gari badala ya kuliviringisha. Tumejaza zote.

Kisha mizigo. Nyuma ya namba tano tumekuta mfuko wa simenti, umeganda, tangu Kasuku alipojenga choo chake. Fundi akamuuliza: mwaka mzima unaipa simenti lifti? Kasuku akasema inalituliza gari kwenye kona.

Pia hujisifu kwamba akishuka mlima wa hospitali anatia free, anatoa gia kabisa, gari linateremka bure. Fundi kamkatisha. Ukitia free injini bado inakunywa ili isizime, na breki unaziachia kazi yote peke yake. Acha gari ndani ya gia, toa mguu kwenye mafuta — gari lenyewe linakata petroli. Kasuku akaomba kalamu.

Wote waliandika. Watu wazima, wameinama kwenye vikaratasi kama wanafunzi. Hakuna asiye na watu nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Hesabu za wiki ya kwanza. Mimi lita tisa kwa kilomita mia. Wengine tisa na nusu, kumi. Kasuku kumi na moja.

Mjomba kumi na tano.

Nilirudia mara tatu. Kumi na tano! Hiyo ni ya lori. Meneja kaangalia karatasi, kasema mzee anaiba au gari bovu. Fundi kalifungua gari, kalifunga: halina kitu, hata kichujio cha hewa ni kipya. Basi Jumatatu panda naye, Meneja akasema.

Mjomba kuiba! Mtu aliyenilea. Baba alipotuacha, ndiye aliyekuja na gari la kuazima akatuhamisha mimi na Mama. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, na ndiye aliyenishika mkono hadi kwa Meneja wa zamani akasema huyu binti anaendesha kuliko mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Andika yote, hata kama mkono hautaki.

Tulitoka saa mbili asubuhi. Gia ya pili. Barabara nyeupe mbele yetu, gari linalia, yeye bado gia ya pili. Mguu wa kulia unacheza: mafuta, breki, mafuta, breki. Nikasema Mjomba, tia ya tatu. Akatia. Mbele kidogo akairudisha.

Kwenye makutano anasimama kabisa, hata pale ambapo njia ni yetu. Anageuza kichwa chote, na mabega, kama mtu mwenye jipu shingoni. Kushoto. Kulia. Kushoto tena. Nyuma wanapiga honi, wanatutukana.

Kisha mtu mmoja wa baiskeli. Alikuwa kushoto kwetu, karibu, ningeweza kumgusa dirishani. Mjomba akaanza kukata kushoto.

"Mjomba, baiskeli!"

Breki. Nusura nipige paji la uso kwenye kioo.

"Nimeiona," akasema.

Hakuiona. Niliiona sura yake — alikuwa anaitafuta.

Hospitalini tukapakia mashuka. Ikabidi turudi nyuma kutoka getini. Hakurudi. Akakaa, injini inanguruma bure, dakika kumi, ishirini. Nikamuuliza tunasubiri nini. Magari yapungue, akasema. Nikaunyoosha mkono nikazima injini mwenyewe. Nikaweka vidole vyangu pembeni ya sikio lake la kushoto, nikavichezesha.

"Vingapi, Mjomba?"

Mikono yote miwili kwenye usukani wa gari lililozimwa.

"Mbele naona vizuri," akasema mwishowe. "Naona hata nzi kwenye kioo. Pembeni ndiko kumefungwa. Kama nachungulia kwenye bomba."

Presha ya macho. Daktari alimwambia mwaka jana. Dawa ya matone inazuia tu, kilichokufa hakirudi.

"Nimebakiza miezi minane nistaafu, mwanangu. Nikitoka leo natoka na shati nililovaa. Usiandike."

Niliendesha mimi kurudi. Mita mia mbili kabla ya geti nikamwachia usukani, ili waone anaingia nao.

Jumatano, 12 Machi

Fomu ilinikodolea macho kutwa. "Sababu ya matumizi makubwa." Nimejaza: mazoea ya gia ndogo, breki nyingi, kuacha injini inanguruma gari likiwa limesimama. Kila neno ni kweli! Ndiyo maana linaniuma.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Mama. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja. Kumbe anajua. Kaka yake hujigonga kwenye fremu ya mlango wetu tangu mwaka jana, akasema, atakosaje kujua? Mimi nilidhani ni uzee.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza.

"Mimi? Wewe ndiye mwenye kalamu." Kisha polepole: "Usimtie ndugu yangu aibu. Hana kitu kingine anachokijua zaidi ya gari."

Nikasema anaweza kuua mtu. Akasema miaka thelathini na moja hajamgusa hata kuku. Akaingia jikoni. Nikasikia anafungua bomba la maji na kuliacha limwagike muda mrefu.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya. Sijui nimefanya nini, lakini nimefanya.

Mimi na Mjomba tuliomba gari kwa mlinzi, tukasema ni mafunzo. Barabara tupu. Ruti yake ni ileile kwa miaka tisa: geti, mzunguko, mlima, hospitali, hoteli mbili, kurudi. Nikamwambia njia hii unaijua kuliko kitanda chako. Tusiiangalie. Tuihesabu.

Basi tukahesabu. Kutoka getini hadi mzunguko, pumzi kumi na mbili, gia ya tatu. Baada ya kituo cha mafuta, gia ya nne. Toa mguu kwenye mafuta ukifika ukuta wa njano, gari litajifikisha lenyewe kwenye taa. Kila ukikanyaga breki, nikamwambia, unamwaga petroli uliyokwisha kuichoma. Usikanyage kwa hofu. Kanyaga kwa sababu.

"Na nisipoiona hiyo sababu?"

Nikasema Mjomba, geuza kichwa mapema, kabla ya makutano. Usisimame kutafuta.

Raundi ya nne aliendesha kama zamani. Laini! Gari halikutikisika. Akaanza kupiga mluzi. Tukacheka mlimani kama wehu, vioo vimefungwa ili upepo usituvute nyuma, kiyoyozi kimezimwa, jasho linatutiririka. Akanipiga begani: nani alimfundisha mwenzake?

Sijamwona na furaha vile tangu mkewe afe.

Ijumaa, 21 Machi

Mjomba: kumi na moja na nusu.

Meneja kapiga meza. Mafunzo yanalipa! Kanitaka niyaandike, yabandikwe ukutani.

Ijumaa, 28 Machi

Mjomba: tisa na robo tatu. Kasuku: kumi na nusu.

Kasuku wa mwisho.

Nilirudia hesabu. Nilitaka nikosee. Sikukosea.

Jumatatu, 31 Machi

Kasuku karudisha funguo. Aliosha gari kwanza! Ndani na nje, na kipande cha simenti kilichobaki kwenye bati alikibandua kwa bisibisi. Mkewe kajifungua mapacha mwezi uliopita, sote tulichanga nepi.

Nilidhani atanitukana. Angenitukana ningelala. Alimpa Mjomba mkono, akasema mzee umenishinda kwa haki. Mjomba alikishika kile kiganja muda mrefu, akatazama chini. Kwangu Kasuku akasema tu: dada, wewe hujapendelea mtu, nimekuona.

Nilikwenda chooni nikakaa humo.

Tumemwondoa mtu mwenye macho mawili mazima.

Jumanne, 1 Aprili

Sikuwaza mbali. Mjinga mimi! Gari tano, ruti sita. Ruti ya Kasuku lazima igawiwe. Na Meneja kampa Mjomba nusu yake — ile ya sokoni, kwenda zahanati tatu. Kwa kuwa ndiye aliyeimarika kuliko wote.

Mjomba hajapita sokoni miaka mingi. Hakuna cha kuhesabu pale. Watu, mikokoteni, watoto wa shule, wote wako pembeni!

Nilimfuata Meneja ofisini. Nikasema nipe mimi ile ya sokoni, yeye apewe yangu. Akasema yangu ni ndefu, lazima ibaki kwa anayekunywa kidogo. Nikasema mzee amechoka. Akafungua faili, akanisomea maneno yangu mwenyewe: "Dereva amebadilika kabisa, anaendesha kwa utulivu." Sahihi ya nani hii?

Nikasema yangu.

Jioni nikamwambia Mjomba akatae. Akakataa kukataa. Nikikataa wataniuliza kwa nini, akasema.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepita naye sokoni kabla ya kazi, kwa miguu, nimemshika mkono kama ananishika yeye. Hapa kuna jiwe. Hapa mitumba inaingia barabarani. Hapa shule. Akasema ndiyo, ndiyo. Aligonga kikapu cha mtu mara mbili.

Ijumaa, 4 Aprili

Mjomba: nane nukta tisa. Amenipita hata mimi.

Kioo cha pembeni cha namba moja kimevunjika. Upande wa kushoto. Nguzo ya zahanati, kasema, mambo madogo.

Jumamosi, 5 Aprili

Fundi kaniita pembeni. Kabandika kioo kipya, lakini anataka nione mlango. Mkwaruzo, chini, wa urefu wa mkono. Ndani yake rangi ya bluu.

Nguzo ya zahanati ni nyeupe, kasema fundi. Kisha akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akaniuliza: nifute au nisifute?

Nilisimama pale kama nguzo mwenyewe. Akakunja kitambaa, akakiweka mfukoni, akaondoka.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemuuliza Mjomba. Uso kwa uso, mezani kwake. Ijumaa uligonga nini?

"Nguzo."

"Uliiona?"

"Nilisikia kitu. Nikajua ni nguzo. Nilikuwa nimeshika gia ya nne vizuri, nimetoa mguu kwenye breki kama ulivyonifundisha. Sikutaka kuharibu."

Sikutaka kuharibu! Maneno hayo tangu asubuhi yanazunguka kichwani.

Nilimwambia kesho tuende kwa Meneja, wote wawili. Akasema kesho. Akasema hakika.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakwenda. Na mimi sikwenda.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika nikiwa stoo, juu ya gunia la sabuni, mlango nimeuacha wazi kidogo.

Saa nne hii kaja mama mmoja getini. Viatu vimejaa vumbi, amekuja kwa miguu. Anatafuta gari jeupe la mashuka. Mume wake anauza mkaa kwa baiskeli, baiskeli ya bluu. Ijumaa alasiri, nyuma ya soko, gari lilimbana kwenye ukuta na likaendelea. Halikusimama! Paja limevunjika, amelazwa. Hasemi kwa hasira. Anataka tu kujua kama dereva aliona. Anarudia hilo: aliona au hakuona?

Meneja kamwambia gari zetu zote ni nyeupe, subiri. Kisha kaniambia niende nikalete daftari la mafuta. Kila safari iko humo — saa, ruti, kilomita, jina. Kwa mwandiko wangu. Ijumaa alasiri, soko: mstari mmoja tu.

Daftari liko hapa magotini.

Kutoka hapa naona benchi la ofisini na yule mama amekaa mwisho wake, analia bila sauti. Mjomba ametoka kunywa chai. Wiki hii jina lake ni la kwanza ukutani, wamempigia makofi asubuhi. Kapita mbele ya benchi, hakumwona, yuko pembeni mno. Kisha kasikia anavuta kamasi, kasimama. Kageuza kichwa chote, na mabega, mpaka akampata.

Kaja hadi mlangoni kwangu.

"Mwanangu, kuna mgeni analia pale. Wamempa hata maji?"

Nikasema sijui.

Kaenda mwenyewe kwenye bomba. Sasa anarudi na glasi imejaa hadi juu, mkono wa kushoto unapapasa ukuta, taratibu, hata tone halimwagiki. Kampa. Mama kaipokea kwa mikono miwili. Kamwambia Mungu akuzidishie, baba. Mjomba kakaa naye kwenye benchi, anamuuliza amefiwa na nani.

Meneja ananiita. Mara ya pili hii.