Waziri Hana Hatia

Baba, shikamoo. Marahaba yako nimeisikia moyoni, basi niseme lililonileta: Waziri hana hatia!

Laiti ungekuwepo. Fahali wako, uliyemnunua mnada wa Mhunze ukampa jina la Waziri kwa ajili ya kitambi chake na mwendo wa taratibu, ndiye aliyekuharibia jina hapa Samuye. Homa ya mapafu ilipoua ng'ombe wa kijiji, watu walisema umeileta wewe. Rafiki yako Mzee Masanja akaja kuwachukua ng'ombe wake wote aliokuwa amewaweka zizini kwetu. Hukugombana naye. Uliwaangalia tu wakiondoka, na mpaka unafariki hamkunywa tena chai pamoja. Hilo liliniuma kuliko ng'ombe waliokufa.

Sasa sikia. Ulikuwa ukinicheka, "Kabula anahesabu vijidudu visivyoonekana, na ng'ombe wanaoonekana wamemshinda kuchunga." Bado nahesabu, Baba. Vimelea vikizaliana hukosea kunakili jenomu yao, yale maandishi ya urithi wao, herufi moja hapa, nyingine pale. Sisi wa maabara tunalinganisha makosa hayo, na takwimu zinatusaidia kukadiria kimelea kipi kimetokana na kipi, na lini. Tukachora ukoo wa ugonjwa wa huku kwetu, ukatoka wa ajabu. Kimelea cha Waziri kilionekana kimetokana na kile cha ng'ombe wa Masumbwe aliyepimwa kabla wewe hujaenda mnadani. Waziri hajawahi kukanyaga Masumbwe! Wenzangu wakakisia hili na lile. Mimi nikauliza ng'ombe huyo ni wa nani.

Wa Mjomba Shija! Nilicheka maabara mpaka wakanishangaa. Mjomba anaishi Masumbwe, kweli, lakini yule ng'ombe wake mwekundu wa pembe moja alikuwa akilelewa hapa hapa Samuye, kwa Mzee Masanja. Maziwa yake nimeyanywa. Aliwahi kukohoa, akapona, wote tukasema ni vumbi. Wenzangu waliandika makazi ya mwenye mali, wakidhani ng'ombe analala kwa mwenyewe. Msukuma gani anaweka ng'ombe wake wote zizi moja? Wewe ulinifundisha: ukame ukipiga huku, wa kule wanabaki. Nikawaeleza, tukasahihisha, tukarudia hesabu. Ugonjwa ulikuwa Samuye kabla ya Waziri. Aliukuta hapa, maskini, akaugua kama wenzake.

Najua ungeuliza, "Hakika?" Takwimu hazisemi hakika, Baba, zinasema uwezekano ni mkubwa sana. Ungeniambia hayo ni majibu ya mganga.

Kabla ya kusema hadharani nilikwenda kwa Mzee Masanja nikamweleza yeye kwanza. Akasema mkutanoni atalisema mwenyewe. Na kweli, tuliporudisha matokeo kijijini, alisimama: "Jamani, nilimkimbia mwenzangu, kumbe ugonjwa ninao mimi nyumbani!" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, halafu akafuta macho kwa kofia yake.

Asubuhi yake tukasikia hodi. "Mwangaluka, Mama Kabula," Mzee Masanja akamsalimu Mama kwa Kisukuma. "Nimemleta huyu akae kwenu." Nyuma yake alikuwepo mtamba mweupe, mzuri, amechomwa chanjo tayari. Mama alipiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakatoka nje. Akachemsha chai, na Mzee Masanja akainywa kwenye kikombe chako. Mimi nililia, Baba, lakini kwa furaha, na kidogo kwa sababu ulipaswa kukiona kitendo kile wewe.

Pumzika sasa, jina lako ni safi. Mtamba nitamtunza, nakuahidi, na kila likizo nitakuja kumtazama. Akizaa dume, tumeshakubaliana na Mzee Masanja: ataitwa Waziri.

Mwanao,
Kabula