Mafuta Kwenye Kompyuta ya Lorraine

Komarock,
Nairobi.
Jumanne, 17 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Wanyonyi,

Pokea salamu zetu, nyingi za kujaa debe na kumwagika. Je, u mzima huko Doha? Mgongo wako unaendeleaje, bado unakusumbua ukibeba vitu vizito? Tunasikia joto la huko mwezi huu halina huruma. Tafadhali kunywa maji na uache kujifanya kijana. Sisi huku tu wazima. Baridi ya Juni imeingia na mafua yanatembea nyumba kwa nyumba, lakini hakuna aliyelala kitandani. Magoti yangu huniuma nikikanyaga cherehani muda mrefu, ila hilo umelizoea.

Najua utashangaa kupokea karatasi. Kate, binti wa jirani yangu, anarudi huko kazini, nami nimemkabidhi barua hii mkononi. Simu sikuitaka. Nakupenda kaka, lakini hujawahi kutofautisha ujumbe wangu na ule wa kikundi cha familia. Ile siku nilikuambia neno moja tu kuhusu mapishi ya dada yetu Nabalayo, na kabla sijaweka simu chini ukoo mzima ulikuwa umeshasikia sauti yangu. Na habari ya leo inamhusu mumewe, shemeji yetu Zedekiah. Kwa hiyo soma peke yako.

Kwanza asante kwa pesa ya kompyuta ya Lorraine wangu. Mungu akuongezee pale ulipotoa. Lakini kwa nini uliituma kwa Zedekiah? Mimi mama yake nipo, Lorraine mwenyewe ni mtu mzima na simu anayo. Au ni kwa sababu mimi ni mjane na yeye ana ndevu? Kama ni ndevu, hata mbuzi anazo.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Tangu amalize chuo, Lorraine alikuwa anakaa nami hapa akishona vifungo vya sare za shule, diploma yake iko ndani ya sanduku. Ndipo kampuni ya bima ya ng'ambo ikamkubali awe anajibu wateja wao akiwa nyumbani. Sharti lao lilikuwa awe na kompyuta yake, na RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, isipungue GB kumi na sita, maana ikipungua mashine hulemewa. Programu yao wenyewe ndiyo ingeipima. Ikishindwa mpaka mwisho wa Mei, nafasi anapewa mwingine. Hata mtoto wa nasari angeelewa. Zedekiah hakuelewa.

Na msichana alikuwa ameshazunguka akatafuta. Eastleigh alimpata kijana mmoja anaitwa Keynan, ana duka ghorofani. Alimwashia mashine, akamfungulia pale RAM inapoonekana, akaiona kumi na sita kwa macho yake. Akamwambia ukifika nyumbani ukaikuta na kasoro irudishe ndani ya wiki mbili ikiwa safi, na boksi lake. Waranti ni ya mwaka, na itaandikwa jina lako wewe unayeitumia. Hivyo ndivyo mtu anavyouziwa kitu. Lorraine akamweleza Zedekiah yote, naye akamkata, "Hatununui kwa mtu tusiyesali naye." Yaani karani mstaafu wa reli, mtu ambaye mpaka leo anatembea kana kwamba treni inamngoja yeye, ndiye wa kumfundisha Mungu maduka ya kwenda!

Basi akaenda Umoja kwa Ondiek. Ondiek ni mzee wa kanisa letu la Mowlem na anauza kompyuta. Hakuomba iwashwe, hakuuliza masharti ya kurudisha, hakusoma hata mstari mmoja. Walisalimiana kwa Bwana asifiwe, wakaulizana habari za kwaya, akatoka na boksi. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka.

Boksi lenyewe aliliweka juu ya kabati lake na kutangaza kwamba halifunguliwi mpaka Jumapili, liombewe. Unalijua kanisa lile. Gari jipya hupakwa mafuta, jiko la gesi hupakwa mafuta, hata friji ya mama mchungaji ilipakwa. Lorraine akamwomba kwa adabu, "Anko, niiwashe tu niangalie RAM, halafu nafunga." Akamjibu, "Unataka kumkagua Mungu?" Ningekuwepo, ningemwambia kwamba tunataka kumkagua Ondiek.

Jumapili ikafika. Mchungaji, mzee wa watu, alichovya kidole akagusa kifuniko, akaomba, basi. Hiyo ingetosha na ingefutika kwa leso. Lakini Zedekiah ndiye shemasi, ndiye mshika chupa, na shemasi huyu akaona upako ni kidogo. Akaifunua kompyuta, akainamisha chupa juu ya vibonye, akamimina kama mtu anayekaanga mandazi. Nilisikia mguno ukitoka kwa Lorraine. Mimi nilikuwa naimba na kina mama, na mpaka nifike mbele, chupa ilikuwa nusu.

Tulifika nyumbani kompyuta ikinuka sambusa. Kuiwasha, herufi zimeshikana. Ukibonyeza moja zinaitika tatu. Na bado hilo lilikuwa dogo. Lorraine alifungua pale alipoonyeshwa na Keynan, akaita, "Mum, njoo uone." RAM nane! Risiti inasema kumi na sita, mashine inasema nane. Programu ya kampuni ikaipima, ikaitema.

Asubuhi tulikuwa dukani kwa Ondiek. Akaigeuzageuza mashine, akaona mafuta, na hapo hapo nikaona uso wake ukipata raha. "Mama Lorraine, hii imemwagikiwa. Waranti haihusiki na kitu kilichomwagikiwa. Na kurudisha pia, tunapokea kikiwa safi." Nikamuuliza kama mafuta hunywa RAM. Yalikuta kumi na sita yakanywa nane, au? Akasema hayo atayazungumza na mwenye risiti tu. Kumbe risiti na kadi ya waranti vyote vimeandikwa Zedekiah! Na huyu Ondiek, Wanyonyi, Jumapili ile alikuwa safu ya pili. Chupa ilipoinamishwa, ni yeye aliyeitikia amina kutushinda wote. Alitazama waranti yake ikifa, na alifurahi.

Nikapanda matatu kwenda kwa Zedekiah. Nilimkuta kitini, miguu ndani ya karai la maji moto, redio pembeni. Nikamwambia kwa heshima, shemeji, twende kwa Ondiek, jina ni lako. Akanitazama kama aliyenusa kitu kibovu. Akasema mafuta yaliyoombewa hayaharibu kitu, kinachoharibu ni nyumba isiyo na imani. Yaani nyumba yangu. Heshima iliniishia pale pale. Nilimwita debe tupu, nikamwambia kichwa chake kingekuwa kompyuta kisingefikisha hata hiyo nane. Nabalayo alikuwa jikoni akikata mboga. Nilisikia kisu kikisimama, lakini hakutoka. Dada yetu huyo ndoa imemfundisha kunyamaza kama ukuta, na sijui kama nimhurumie au nimzomee.

Niliporudi nilimkuta Lorraine ameketi kwenye kiti changu cha cherehani, ameshika sindano. Hakuwa analia. Alisema tu, "Mum, nipitishie vifungo." Kaka, hapo ndipo nilipovunjika. Angelia ningembembeleza, lakini mtu aliyeomba vifungo unamwambia nini?

Mwezi ukikaribia kuisha, Zedekiah akanipigia simu, sauti nyororo kama siagi. Amezungumza na Ondiek, eti, na wamepatana, wanaume wawili wa Mungu. Ondiek atatoa mashine nyingine yenye RAM kamili, kimyakimya. Mimi kwa upande wangu Jumapili nisimame mbele ya kanisa nishuhudie kwamba ni ile ile iliyogoma, na kwamba imepona kwa mafuta. Maana Ondiek hataki watu wajue anauza nane kwa jina la kumi na sita, na Zedekiah hataki watu wajue aliikaanga. Nikamuuliza kwa nini asishuhudie yeye, si ndiye mwenye miujiza. Akakohoa. Anajua, Wanyonyi. Zedekiah akisimama kushuhudia, kina mama hutafuta peremende kwenye mikoba. Walihitaji mdomo ambao watu huuamini.

Nilimtukana nikakata simu. Kisha nikamwangalia Lorraine na vifungo vyake, nikampigia tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumapili hiyo nilifunga kitambaa changu cha kina mama, nikasimama. Nikasema Bwana asifiwe. Nikasema kompyuta ilikuwa imekufa, ikapakwa mafuta, na sasa inaishi. Kanisa likalipuka! Vigelegele, ngoma, watu wanaruka, na mchungaji maskini, asiyejua lolote, akafuta machozi kwa ncha ya tai. Zedekiah alikuwa amefumba macho na kuinua mikono utadhani yeye ndiye aliyeumba umeme. Nilimdharau mpaka mate yakawa machungu kinywani.

Baada ya ibada Ondiek alinikabidhi boksi nyuma ya vyoo, anaangalia huku na kule kama muuza bangi. Nikamwambia sibanduki hapa mpaka tulifungue. Lorraine akaiwasha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaona kumi na sita. Nikamlazimisha Ondiek aandike risiti mpya na kadi mpya ya waranti, kwa jina la Lorraine. Programu ya kampuni iliipima siku hiyo hiyo, ikaikubali. Sasa hivi ninavyoandika yuko chumbani, mlango umefungwa, anajibu watu wa ng'ambo kwa sauti ya upole nisiyoijua. Kazi anayo.

Ningeweka kalamu chini hapa, ungecheka na mimi ningecheka. Lakini kuna Aoko.

Humjui Aoko. Anakaanga samaki pale Mowlem na anaimba nasi. Wateja wake humwagizia kwa simu na kumlipa kwa simu, na alikuwa amejinyima muda mrefu akanunua mpya. Baada ya ushuhuda wangu aliipeleka kanisani ikiwa nzima kabisa, ipakwe tu, isije ikaharibika. Zedekiah akamimina. Jumamosi iliyopita Aoko alikuja mlangoni kwangu, simu imezimika, ameifunga kwenye leso safi. Midomo imemkauka. Aliniambia amefunga, hajala tangu ilipozimika, na haijapona. "Mama Lorraine, yako ilipona. Niambie uliomba maneno gani. Mimi nimekosa wapi?"

Nilimweleza yote pale pale mlangoni. Boksi, RAM, Ondiek, vyoo, simu ya Zedekiah. Sikuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mikono yote miwili, macho yamejaa huruma, akasema, "Dada, shetani anataka kukuibia ushuhuda wako." Akapiga magoti kwenye saruji, akaniombea, mimi, kwa sauti ambayo wapangaji wote wa ploti walisikia. Alipomaliza akafunga leso yake, akaenda kwa Zedekiah akamiminiwe mara ya pili.

Nimemwita Zedekiah majina yote katika barua hii na sirudishi hata moja. Lakini Aoko hakumwamini Zedekiah, kaka. Aliniamini mimi.

Sasa nakuomba jambo, na hili si la Lorraine. Kama unayo simu ambayo huitumii, au mwenzako yeyote huko anayo, nitumie kwa mtu anayekuja, anikabidhi mwenyewe. Iwe na chaja yake. Nitampelekea Aoko pale anapokaangia, katikati ya wiki, niiwashe mbele yake na nikae naye mpaka oda ya kwanza iingie. Akisema ni muujiza nitamwambia ni Wanyonyi wa Doha. Na asiponiamini tena, basi ataitumia hivyo hivyo bila kuniamini.

Lorraine anakusalimu sana, anasema mshahara wake wa kwanza una shati lako ndani yake. Nabalayo anakusalimu, alinong'ona nyuma ya mlango, lakini alikusalimu. Zedekiah hajaniambia nikusalimie, nami sikumkumbusha. Nisalimie Owiti na wenzako wote unaolala nao chumba kimoja, na mwambie Owiti mama yake yuko salama, nilimwona sokoni ana nguvu kunishinda.

Mungu akukinge na jua la huko, akunyooshe mgongo, na siku moja akurudishe kwetu na meno yako yote.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata unapotuma pesa kwa wenye ndevu,

Namalwa