Nimelifunika Ua kwa Ndoo

Shangazi Devota, shikamoo.

Naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana mke wangu hacheki na padre hakucheka. Mimi ni mwanaume wa makamo, baba wa watoto wanne, nilikuwa mtunza ghala kwenye ushirika hapa Songea mpaka walipotupunguza kazi, sasa nashinda nyumbani Bombambili na ninachofanya ni kulima mahindi kidogo na kupanda maua, na haya maua ndiyo yameniponza.

Jirani yangu ni Mzee Abasi, mtu wa Tunduru, fundi cherehani, kanizidi miaka kidogo lakini ananiita mlongo kama tumezaliwa tumbo moja. Kati ya nyumba yake na yangu hakuna ukuta, ilikuwepo kamba ya kuanikia nguo tu, tukasema hapo mpakani tupande maua yawe ndiyo ukuta wetu. Tukachukua kalenda ya masista yenye picha ya nyumba ya Ulaya, pale marefu yako nyuma na mafupi mbele, tukataka kufanya hivyohivyo, tukagombana siku nzima kuhusu mbele ni wapi, yeye anasema mbele ni kwake na mimi nasema ni kwangu, mwisho tukaweka bogenvilia na yale ya majani mapana kama mgomba katikati, halafu waridi, halafu tukaacha mstari mtupu huku kwangu na mwingine kule kwake kwa ajili ya mafupi.

Na tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja akisafiri analeta mbegu bila kusema ni za nini, mwenzake lazima alitambue ua kabla halijachanua, akishindwa anabeba samadi toroli zima kutoka kwa wenye ng'ombe kule Ruhuwiko. Shangazi, mimi samadi nimebeba mpaka watu wa Ruhuwiko wananisalimia kwa jina.

Basi mwaka huu Abasi alirudi kutoka Tunduru na mbegu amezifunga kwenye kitambaa, akasia ile mistari yote miwili, akaniambia, "Mlongo, safari hii utasukuma toroli mpaka Krismasi." Halafu akapata msiba akarudi Tunduru, mimi nikabaki kumwagilia. Zikaota. Majani membamba, yamekatwakatwa pembeni kama msumeno, yamekaa mawili mawili huku na huku ya kijiti, nikavunja moja nikanusa, likanuka kali. Kila asubuhi nasimama pale naangalia na sijui. Sasa mimi nilipokuwa JKT tuliwahi kupelekwa kufyeka shamba la bangi, basi siku moja nikajiambia, Edmund, hii ni bangi, huyu mzee anakupandishia bangi kwenye uwanja wako mwenyewe ukamatwe wewe. Sikungoja. Nikang'oa yote, ya kwangu na ya kwake, nikachoma pamoja na takataka.

Ningeishia hapo. Lakini nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Rupert, nikamweleza. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema, "Balozi, mimi nimepita JKT." Akasema, "Lete mche mmoja niuone." Nikasema nimeshachoma. Akaniangalia sana. "Umechoma, halafu ndiyo unakuja?" Lakini na yeye aliogopa akionekana amenyamaza, akatuma mgambo.

Wakaja Ijumaa, Abasi ndiyo amerudi jana yake, yuko na kanzu anakwenda msikitini. Wakamrudisha ndani wakamwaga mchele wake, wakakung'uta vitambaa vya wateja kimoja kimoja, mtaa mzima umejaa uwanjani. Hawakuona kitu. Akatoka, akaja moja kwa moja kwangu mbele ya watu, akasema, "Mlongo, maua yetu yako wapi? Wewe ndiye uliyekuwa unamwagilia, waambie hawa kwamba yalikuwa maua." Shangazi, nikasema yaliliwa na mbuzi. Nikasema na mimi sikuyatambua ni kitu gani. Akajaribu kucheka. "Basi umeshindwa mchezo," akasema.

Tangu hapo mambo yake yameharibika. Unajua mitumba imejaa sokoni, nguo za kushona watu hawataki tena, yeye alikuwa anaishi kwa sare za shule tu, na sasa akina mama wanakuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa, mmoja nilimsikia anasema hawezi kumtuma mtoto kwa mzee wa bangi. Watoto wakipita wanaimba "Babu bangi! Babu bangi!" Ameshasema anauza nyumba, anangoja mvua zikatike na barabara ya Tunduru ipitike aondoke.

Na sasa ndiyo nafika kwenyewe. Chini ya bogenvilia ulibaki mche mmoja sikuuona siku ile ninang'oa, na umechanua. Ua la rangi ya chungwa, limejaa, ni lile lile ambalo Wahindi wa mjini wanatunga mashada na kutundika milangoni kwenye sikukuu zao, nimeliona maisha yangu yote. Nikachukua ndoo nikalifunika. Abasi akienda msikitini nalifunua, nalimwagilia, akikaribia kurudi nalifunika. Kuling'oa nimejaribu, mkono unakataa. Kulionyesha siwezi.

Mke wangu alivumilia, halafu siku moja akaniuliza, "Baba Noela, hapo unaatamia nini? Maji nichotee kofia?" Nikamwambia nina mche mchanga, jua linauchoma. Akaenda akafunua mwenyewe. Akaangalia, akaangalia na nyumba ya Abasi, akasema, "Kumbe." Akalifunika tena kwa mkono wake. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula mezani na hanikaribishi.

Nimeungama, padre akasema nenda kamwambie. Najua, lakini Shangazi nikimwambia si atanishtaki, na balozi atanigeuka, na hapa mtaani nitaitwaje? Nilikuwa nafikiri nilikate lile ua, niliweke mlangoni kwake kimyakimya, atalikuta, ataelewa mwenyewe kwamba ukweli umejulikana, yataisha bila maneno mengi. Naomba uniambie kama hiyo itatosha, maana mimi nimechoka na ile ndoo. Majina yote nimebadilisha.

Baba Noela, Bombambili, Songea

SHANGAZI DEVOTA ANAJIBU

Marahaba, Baba Noela, ingawa kwa umri wako hiyo shikamoo ungeanza kuipeleka nyumba ya pili.

Haitatosha. Ulitaka nikuambie inatosha, na ndiyo sababu baada ya padre ukaja kwangu, na mimi nikikukatalia nadhani utamwandikia mtangazaji wa redio. Ua lililokatwa na kuachwa mlangoni litamwambia nini yule mzee? Kwamba kuna mtu anajua, na mtu huyo amekimbia. Hilo analijua tayari, amekuwa akiishi nalo tangu ile Ijumaa.

Sasa nikuulize jambo ambalo umelipita haraka. Mtu aliyefyeka shamba zima la bangi hasahau harufu yake. Wewe umeandika jani lilinuka kali. Hukuandika lilinuka bangi. Na jani la bangi linatoka sehemu moja na kutawanyika kama vidole vya mkono, wakati hili ulilonieleza vijani vyake vimepangana viwili viwili kwenye kijiti, kama unyoya wa kuku. Mimi nina bustani nyuma ya nyumba yangu na nimelitambua ua lako kabla sijafika kwenye rangi. Wewe uliliangalia kila asubuhi, na umekiri mwenyewe: "naangalia na sijui." Ulikuwa na njia nyepesi kabisa, kumngoja mwenzako arudi umuulize, "Mzee, hiki ni nini?" Hukungoja, kwa sababu kuuliza ni kushindwa, na kushindwa ni toroli la samadi. Ukaona heri yawe bangi kuliko yawe ua usilolijua. Baba Noela, kwa toroli moja umemmaliza fundi mzima!

Nakuonea huruma, usidhani sina. Mtu akishatolewa kazini anashika kidogo alichobaki nacho, na wewe ulibaki na kujua maua. Lakini Abasi naye alibaki na sare za shule, na wewe unakula chakula kisichokaribishwa wakati yeye hana cha kuweka mezani. Na alikuja kwako kwanza, mbele ya watu wote wale, akakuita shahidi wake. Mbuzi! Hata mbuzi umewasingizia.

Fanya hivi. Nenda kwake mchana, kabla hajatoka, umwambie kwa mdomo wako mambo matatu ambayo hajui: kwamba wewe ndiye uliyeng'oa, wewe ndiye uliyekwenda kwa balozi, na hakukuwa na mbuzi. Usianze na "unajua nilidhani". Usimwambie kuhusu JKT. Ukishamaliza, nyamaza, amalize na yeye, hata akitukana. Halafu mwombe mwende wote kwa balozi, na balozi awaite walewale waliojaa uwanjani siku ya upekuzi, wasimame pale mpakani waone ua limesimama kwenye udongo wake. Kwa hiyo usilikate na usilihamishe. Likiwa kwenye mstari mlioupima wenyewe ndiyo ushahidi. Likiwa mkononi mwako ni ua tu. Na balozi wako asijifiche nyuma yako, alituma mgambo bila kuona hata jani moja, hapo pana maneno yake ya kusema na ayaseme.

Atakushtaki? Labda. Haki yake. Mtaani wataita jina? Wataita, na safari hii litakuwa limempata mwenyewe.

Usimwombe asihame. Hilo ni ombi la kwako, la kutaka usilale vibaya. Wewe mpelekee vitambaa vya sare za watoto wako wote, upite navyo barabarani saa ambayo akina mama wako nje, na wakikuuliza unakwenda wapi uwajibu kwa sauti. Na uende Ruhuwiko ukabebe samadi, maana mchezo ulishindwa na deni halijalipwa. Umwagie mistari yote miwili, wa kwake kwanza. Kichwa cha lile ua kikikauka kitakuwa na mbegu za kutosha mpaka mzima. Kama atazisia pale au atazifunga kwenye kitambaa aondoke nazo Tunduru, ni juu yake, wewe usitie neno.

La mwisho. Umebadilisha majina, vizuri, lakini fundi cherehani wa Tunduru aliyepekuliwa Ijumaa na jirani mwenye ndoo chini ya bogenvilia, Bombambili wapo wangapi? Gazeti hili linafika Songea kwa basi. Unaposoma hapa, kuna mtu kituoni anasoma hapahapa, na anajua njia ya kwenu. Kwa hiyo usimalize hata tangazo lililo chini ya ukurasa huu. Nyanyuka ukaondoe ndoo. Mrudishie mkeo akachotee maji, halafu vuka mpaka ukamwite mzee wako.