Jadili na Mwenzako

Ilagala, Jumatano

Na leo tena simu imeniambia nijadili na mwenzangu. Kila somo la haya mafunzo yetu ya walimu kwa simu linaishia hapo: jadili na mwenzako, kisha andika mlichokubaliana.

Mwenzangu alikuwa Zaituni, mwalimu wa darasa la pili. Tulikuwa tunakaa kwenye mawe ya ufukweni, maana mtandao unashika huko tu, dagaa wameanikwa pembeni yetu. Jibu langu lisipomridhisha alisema "Oya!", yaani hapana kwa Kiha chake, tunaanza upya. Tulimzika mwezi uliopita.

Ofisini kwetu hakuna anayejadili. Mmoja anajibu, wengine wananakili. "Wewe andika tu mmekubaliana," Mwalimu Bahati aliniambia leo. "Nani atajua?"

Nilikasirika. Zaituni angejua.

Jioni nimekwenda kwenye mawe yetu peke yangu. Nimesoma jibu langu kwa sauti, nikasubiri kubishiwa, kama mjinga.

Mwisho nikaandika ukweli: mwenzangu amefariki, hatujakubaliana chochote.

Simu ikajibu papo hapo: "Hongereni! Mmejadiliana vizuri."