Mahojiano ya Kufutwa

Jumatatu, 3 Novemba
Baba Njeri,
Zamu ya asubuhi mtaani Shard End. Wazee sita wa kuogesha. Mabasi mawili hadi nyumbani Ladywood. Mvua. Wiki ya tisa tangu tukuzike.
Msimamizi wako wa chuo alipiga simu. Mpole sana. Kompyuta ya chuo irudi Ijumaa, na mahojiano ya utafiti wako na wapiga kura wa Marekani yafutwe. Uliwaahidi hivyo kwa sahihi yako. Nilisema sawa. Sikumwambia kwamba sina sauti yako mahali pengine. Kwenye simu ulipenda kuandika tu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimesikiliza. Mama mmoja mkulima wa mahindi. Anachagua chama chake kwa sababu ya kodi. Unamwambia chama kimebadili msimamo juu ya kodi.
"Basi wana sababu zao."
"Enhee," unamjibu kwa Kiswahili. Mmarekani yule! Naye anaendelea tu, kana kwamba ameelewa.
"Kijana, wewe ungehama kanisa kwa sababu kwaya imebadili wimbo?"
Ukacheka. Nilirudisha nyuma mara nne.

Jumatano, 5 Novemba
Nimesoma rasimu ya tasnifu yako. Niliishia kidato cha nne, lakini uliandika wazi. Wengi hawachagui sera. Huchagua upande, mara nyingi ule wa wazazi na majirani, kisha hutafuta sababu. Wengine huuchukia upande wa pili zaidi kuliko wanavyoupenda wa kwao. Ukiwaonyesha ukweli, wengi hawasogei.
Miaka minne ulikaa maktaba kwa habari ya kusikitisha hivi. Miaka yetu ya mwisho. Nina hasira nawe.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimenakili mahojiano yote kwenye flashi. Nilijiambia wale watu hawatajua. Kwamba wako mbali. Kwamba ni kwa ajili ya Njeri.
Njeri akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza.
"Lakini Mum, Dad aliwaahidi."
"Ni sauti ya babako."
"Na yao pia," akasema kwa Kiingereza chake, akaingia chumbani.
Ndipo nikaona. Niliamua tangu Jumatatu kutofuta. Sababu nimekuwa nikizitafuta baadaye, kama wapiga kura wako. Nimeonyeshwa ukweli na mtoto wa miaka kumi na minne. Bado sisogei.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimefuta. Ahadi ni yako, na sauti ni zao pia, kama alivyosema Njeri. Flashi kwanza, kisha kompyuta. Yule mama wa mahindi nilimwacha mwisho. Nilimsikiliza mpaka pale unapomwambia sauti yake haitabaki.
"Hata kidogo?"
"Hata kidogo, mama."
Kompyuta nimeipeleka chuoni. Msimamizi aliipokea, akanishika mkono.
Kwenye basi nilijaribu kukikumbuka kicheko chako. Kilikuja nusu. Sijui kesho kitakuja kiasi gani.
Baba Njeri, mimi nikiisahau sauti yako, wewe nikumbuke.