Lile la Kulinganishia

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhi ripoti ya viunzi, ile misingi ya kujengea tovuti. Shemeji – ofisini bosi, nyumbani mume wa dada – kaipima mkononi, kasema ndefu. Basi nikamweleza kwa mdomo. Kampuni ya bima inataka tovuti. Tuijenge juu ya msingi upi, Mpole au Mkali? (Majina nimewapa mimi.) Wote wawili ni programu huria, hulipi kitu. Leseni ya Mpole: chukua, badilisha, uza, mradi usifute majina yetu. Leseni ya Mkali: ukimhudumia mtu mtandaoni kwa kazi yetu, ana haki ya kupewa msimbo wako wote, kila mstari wa programu ulioandika. Watu wa bima wanataka siri. Kwa hiyo Mpole. Mkali ni mtamu zaidi, lakini ndiyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Tulitengeneza majaribio mawili, moja kwa kila kiunzi. Nilimsihi shemeji awaonyeshe bima lile la Mpole tu. Kaonyesha yote. Wamependa la Mkali! Karudi anapiga mluzi, anasema tuendelee na hilohilo. Nikamwambia lile lilikuwa la kulinganishia.

"Mteja ameshapenda, shemeji."

Kazi yetu ndivyo ilivyo. Kibanda cha kujaribia kinahamiwa na watu kabla hujakibomoa.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwama siku nzima kwenye sehemu ya malipo. Nikauliza kwenye jukwaa la watumiaji wa Mkali, kanijibu mwenyewe aliyeiandika sehemu ile – bwana wa mbali huko, nadhani mtu mzima, anaandika taratibu. Kanirekebishia. Kauliza tunajenga nini, maana hufurahi kuona kazi yake ikitumika. Sikumjibu. Nimejisikia vibaya.

Ijumaa, 11 Julai

Balaa. Mwanasheria wa bima anataka tuthibitishe kwamba msimbo wote ni wetu. Wakaguzi wanakuja Jumatano. Shemeji kaniita, kafunga mlango. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

Nikamtajia njia zilizopo. Kujenga upya kwa Mpole – miezi. Kununua ruhusa ya kuficha msimbo – haiwezekani, waliomwandika Mkali ni watu mia na kitu, kila mtu na kipande chake, hakuna wa kukuuzia. Kumwambia mteja ukweli – hiyo hakutaka hata nimalize. Atavunja mkataba, na hatuna mteja mwingine.

Yeye ana njia yake. Juu ya kila faili la Mkali kuna mistari michache: majina ya walioliandika na leseni yao. Ifutwe, tuweke jina la kampuni. Nifute mimi, kwa kuwa mafaili hayo niliyachanganya na yetu na mimi ndiye ninayejua yalipo.

Nimekataa. 

Jumapili, 13 Julai

Nyumbani hakukaliki. Naishi kwao, nitakwenda wapi? Shemeji anakula kainamia sahani. Watoto nao wameshanusa jambo.

Dada kanifuata jikoni. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliacha ualimu, kila alichokuwa nacho kikaingia kwenye kampuni. Kauliza kama ni kweli mistari michache tu ndiyo itakayotuangusha. Nikamwambia ni majina ya watu, dada. Wametupa kazi yao bure, wakaomba hilo moja. Kaendelea kusuuza vikombe. Kisha akasema watu hao hawatujui.

Nilitaka kumwambia yupo mmoja anayenijua kidogo, yule bwana wa jukwaani. Nikachukua vikombe, nikavipanga.

Jumanne, 15 Julai

Naandika haya kwenye simu, chooni, ofisini.

Dada amekuja. Hajakanyaga hapa tangu siku ya ufunguzi. Kavaa viatu vyake vya kutokea. Wenzangu wamesimama kumsalimia, kaitikia vizuri, kaja moja kwa moja mezani kwangu, kaketi kwenye kiti changu. Katoa miwani. Mlango wa shemeji uko wazi kidogo.

"Nionyeshe pa kufuta," kaniambia polepole. "Wewe usiguse kitu, mdogo wangu. Nafuta mimi. Wakiuliza, waambie ni mimi."

Nikasema dada, hii kazi huijui, utaharibu mfumo mzima.

"Ndiyo maana nakwambia unionyeshe."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Kaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikiwa na homa, akingoja nimeze dawa. Nikasema nakuja, naenda mara moja huku. Sasa nimesimama nimeegemea mlango. Nampenda kuliko mtu yeyote, na leo natamani asingekuwa dada yangu.

Ukuta huu ni mwembamba. Namsikia anamuuliza mhasibu wetu, wa meza ya jirani, kitufe cha kufutia ni kipi.

Mhasibu anamwonyesha.