Nilimwambia Bibi Mere Unaumwa

Kaka Hamadi,

Siwezi kukuuliza hali, basi n'anze tu. Nimerudi Jeddah juzi, nipo chumbani kwetu Ghulail. Kitandani kwako analala Msomali mmoja, mpole, hakoromi. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, imetoka. Mengine yapo vilevile.

Tulikwenda tena kule Fiji, mie na bosi. Boti lake la tanga tulilikuta palepale tulipoliacha, tukaenda nalo siku tatu mpaka kile kijiji chako kisiwani. Nasema chako kwa sababu watoto walipoona tu kile kiboti cha mpira, walikimbilia majini wanapiga kelele, "Yalla, Hamadi! Yalla!" Ulivyowafundisha. Wakaangalia nyuma yangu. Kulikuwa na bosi tu.

Unajua pale hutembei kabla hujampelekea mkuu wa kijiji ule mzizi wao wa kunywa. Mara ile ulibeba wewe, ukasema wewe, mie nimejificha mgongoni kwako. Ulipokunywa mdomo ukaingia ganzi, ukanigeukia, "Mdogo wangu, ulimi umekwenda likizo." Safari hii nimebeba mie. Nikauweka kwenye mkeka, nikasema vineno vyangu vya Kiingereza. Wakapiga makofi, halas, tumepokelewa.

Halafu akaja Bibi Mere, yule aliyekuita mwanawe ulipompikia pilau. Akauliza, "Hamadi yuko wapi?" Kwetu mtu humpi habari ya msiba amesimama, katoka juani. Nikasema unaumwa. Nikadhani nitamwambia akishakaa. Akakaa, sikusema. Siku nne nakula kwake. Kila asubuhi, "Hamadi ana nafuu?" Nasema kidogo.

Siku ya kuondoka akaniletea chupa ya mafuta ya nazi, kakamua mwenyewe. Akanionesha kwa mikono: kifuani, mgongoni. Ya kukuchua wewe. Nikapokea. Nikapanda kiboti. Bosi keshawasha mashine, anasema yalla, maji yanakupwa.

Kaka, mie bosi sijapata kumwambia neno. Ile siku ulipofariki kazini Riyadh sikumwomba hata nauli, nilipanda basi, nikafika umeshazikwa. Binti wa bosi, yule wa Riyadh, akanipeleka makaburini, anaendesha mwenyewe, mie nimekaa nyuma. Hata ahsante sikusema. Sikulia. Sijui nina nini.

Lakini pale nikasema, "Bosi, subiri." Nikashuka majini na chupa yangu.

Nikamkuta anafagia. Nikamwambia akae. Nikasema, "Mama, Hamadi amekufa. Zamani. Nilikudanganya." Nikampa mafuta yake.

Hakunigombeza. Akauliza, "Nani alikuwa naye?" Nikasema sijui. Mie nilichelewa. Hapo ndipo alipolia. Akaita wenzake, wakanikalisha katikati, wakakaa na mie, wanalia. Mafuta akanipaka mie kichwani. Maji yakakupwa yakaisha. Bosi akaja, viatu mkononi, naye akakaa. Tuliondoka kesho yake.

Bado sijalia, Kaka. Walilia wao.

Kuna jingine hulijui. Mama yako, kule Pemba, aliponiuliza kwenye simu, nilimwambia nilikuwepo. Nilimwambia mie ndiye niliyeingia kaburini, nikakupokea, nikakulaza kwa ubavu wa kulia. Akaniombea dua mpaka sauti ikamkauka. Kila Ijumaa ananiombea.

Kesho Ijumaa. Nitampigia mie, nimwambie sikuwahi.

Mungu akupe nafasi huko ulipo. Mie nimeishia hapa.

Mdogo wako,
Makame